Tangi Lililokataa Kukauka

Jina la Bwana Tone hakupewa na mama yake. Alipewa na wanawake wa jengo la ghorofa nne alilokuwa akilitunza, kwa sababu mtu akichota maji pale uani akadondosha hata tone moja sakafuni, yeye alilikazia macho tone hilo mpaka likauke, kisha akauliza kwa upole, "Na hilo lilikuwa la nani?" Usidhani alikuwa mkali. Mtu mkali hujibiwa kwa ukali mambo yakaisha. Huyu alikuwa mpole, na upole wake uliwasha kuliko upupu.

Jengo lenyewe lilikuwa na nyumba kumi na mbili, tatu kila ghorofa. Nyuma ya ngazi kulikuwa na chumba kimoja na pembe ya kupikia ndogo mno kuitwa jiko, na hapo ndipo alipoishi Bwana Tone na mkewe miaka ishirini na miwili. Chini ya sakafu ya ua, mbele ya mlango wao, kulikuwa na tangi la zege. Tangi hilo alilijenga yeye na marehemu mwenye jengo: marehemu alitoa saruji, Bwana Tone akatoa mgongo. Mvua ikinyesha juu ya paa, maji yalikusanyika kwenye mfereji wa ukingoni, yakashuka kwa bomba nene la ukutani, yakapita kwenye pipa la chujio lenye mkaa, mchanga na kokoto, ndipo yakaingia tangini. Kando ya pipa palikuwa na koki. Ukiigeuza kushoto, maji yanatupwa mtaroni. Kulia, yanaingia kwenye chujio. Mvua ya kwanza ya kila msimu ilitupwa, maana ndiyo inayoosha paa, na paa lina siri nyingi za ndege.

Maji ya bomba la mji yalikuja siku mbili kwa juma, yakanywewa na kupikiwa. Ya mvua yalikuwa ya kufua, kupiga deki na chooni. Kila asubuhi Bwana Tone alifungua kufuli la pampu ya mkono, akaipiga pampu nayo ikilia kama mbuzi aliyesahauliwa kamba, kila nyumba ikapata ndoo mbili. Kisha alifunga, akafungua kifuniko, akachovya fimbo ya kupimia. Fimbo hiyo ilikuwa na alama kumi na mbili alizozikata kwa kisu. Hakujua kusoma gazeti, lakini fimbo ile aliisoma kama wengine wasomavyo barua ya mchumba.

Fahari yake ilikuwa moja: tangi lake halijawahi kuonja maji yasiyotoka juu. Si ya bomba, si ya kisima, si ya gari la maji. Aliwahi kuwaambia wanawake wote wa jengo, wamekusanyika uani, kwamba siku maji mengine yatakapoingia humo atakabidhi funguo na kuondoka. Walimsikia. Waliliweka neno hilo moyoni, kama tutakavyoona.

Sasa, marehemu alipofariki jengo lilimwangukia binti yake, mwanamke mwenye haraka, mwenye viatu vinavyopanda ngazi kama nyundo. Mwanzo wa kiangazi alikuja, akaupima ua kwa hatua, akasema pale penye tangi na chumba cha mtunzaji pangetosha maduka mawili mazuri. Bwana Tone akasimama na funguo zake mkononi. Binti akamwonea huruma kidogo.

"Mzee wangu, sikufukuzi," alisema. "Tangi hili likifika mvua zijazo bila kukauka, nitajua lina faida. Libaki, na wewe ubaki. Likikauka katikati, nalifukia, na chumba nakichukua."

Bwana Tone akakubali, maana asingekubali ingekuwaje? Viatu vilipoondoka akachovya fimbo. Alama kumi na mbili. Kila siku tano hupungua moja. Maana yake miezi miwili. Na mvua zilikuwa mbali, miezi minne. Akaingia ndani, akamwambia mkewe. Na kumwambia mkewe jambo ilikuwa sawa na kulipigia mbiu.

Kiangazi kile kilikuwa kiangazi. Jua lilikaanga mpaka vivuli, mtu akitaka kupumzika chini ya ukuta anakuta kivuli kimekunjamana pembeni kama ngozi. Mijusi walitembea kwa kuinua mguu mmoja mmoja. Tangi likashuka kama alivyotarajia: kumi na moja, kumi, tisa, nane, saba, sita. Bwana Tone akaanza kuangalia vitu vyake chumbani kwa jicho la kuhama, hiki cha kubeba, hiki cha kuacha.

Halafu fimbo ikagoma. Siku tano zikapita, alama bado sita. Nyingine tano, sita. Ndoo ishirini na nne zinatoka kila asubuhi, anazihesabu kwa mkono wake unaouma, na maji yako pale pale, yametulia, yanamtazama kama mtoto aliyevunja kikombe. Kwanza alidhani fimbo imevimba. Akachonga mpya, akakata alama upya. Sita. Akadhani macho yamechoka, akaenda kwa muuza miwani wa barabarani akajaribu miwani kumi na tatu, akarudi na moja yenye mkono wa waya. Akachungulia tena. Ile sita akaiona vizuri zaidi.

Mtu mwingine angeshukuru akanyamaza. Yeye alikosa raha. Tangi linalopungua alilielewa. Tangi linalojaa alilielewa. Hili lisilopungua bila kujazwa lilikuwa kama kuishi na mgeni asiyesema anatoka wapi.

Kisha yakaja ya masikio. Kila siku, kama saa tatu na nusu, akiwa chumbani anakunywa chai, alisikia bomba la ukutani linaguna: gu-gu-gu, kama siku ya mvua kubwa. Alitoka mbio na kikombe mkononi. Juu, anga safi kama sahani iliyooshwa. Chini, mkewe kainama karibu na koki, anafagia pahali alipokwisha kufagia.

"Umesikia?"

"Nimesikia nini, mume wangu?"

"Mvua."

Mkewe alilitazama jua, akamtazama yeye, akamwekea kiganja kwenye paji la uso. Kesho yake alimpeleka zahanati. Muuguzi akamtoa nta sikioni, nta ya kuwasha taa juma zima, akamwambia sasa atasikia vizuri. Alisema kweli. Tangu siku ile alilisikia bomba hata akiwa dukani ng'ambo ya barabara.

Utauliza, kwa nini asipande paa akaangalie? Hapo ndipo penyewe. Bwana Tone alikuwa ameweka sheria, na sheria hiyo iliitwa saa ya kamba. Miaka iliyopita wanawake walilalamika kwamba fundi cherehani wa ghorofa ya kwanza anapanda paani kila wanapoanika nguo za ndani, eti anachunguza mishono. Bwana Tone akatoa hukumu: toka saa tatu hadi saa sita mchana paa ni la wanawake, mwanamume haruhusiwi kukanyaga hata ngazi ya mwisho, awe fundi, awe nani. Akachora mlangoni mguu wa kiume uliopigwa mstari wa kuukata, kwa sababu kuandika hakujua. Mchoro ulifanana zaidi na kiazi, lakini uliheshimiwa, na wa kwanza kuuheshimu alikuwa yeye. Akipanda paani saa nane, anakuta jua limeshakunywa kila kitu, zege jeupe kama mfupa.

Habari zikatoka nje. Jengo lenye tangi lisilokauka halifichiki katika mji wenye kiu. Wengine walisema ni chemchemi, wengine wakasema ni umande. Fundi cherehani aliapa kwamba suruali aliyoifua kwa maji yale imerefuka nusu inchi, na kwa sababu alikuwa na futi ya kupimia shingoni, watu walimwamini. Mwezi wa tatu wa kiangazi, Jumanne, viatu vya nyundo vikaingia uani.

Binti mwenye jengo hakuwa na habari ya chemchemi. Bomba la mji lilipita hatua moja kutoka kwenye ukuta wa tangi, na kiangazi kile ilikuwa marufuku kabisa kujaza tangi kwa maji ya mji. Ikigundulika, ni jengo lake litakalofungwa.

"Umeliunganisha?" aliuliza.

"Sijaliunganisha, mama."

"Basi maji yanatoka wapi?"

"Sijui."

"Wewe ndiye mtunza tangi. Hujui maji ya tangi lako yanatoka wapi?"

"Sijui, mama. Nami nimeuliza."

Angemdanganya kidogo ingekuwa afadhali. Mtu anayesema sijui kwa uso mkavu namna ile huonekana mwizi wa muda mrefu. Binti akampa mpaka Jumamosi adhuhuri. Aje na maelezo yanayoeleweka, au aje na funguo.

Jumatano Bwana Tone alichimba kati ya tangi na bomba la mji, akashuka mpaka kiunoni, akalipapasa bomba lote kama anayemtafuta chawa. Halikuwa na kiungo wala tundu. Alhamisi alifanya jambo ambalo halifanywi kiangazi: alifungua pipa la chujio. Mchanga ulikuwa umelowa. Akauchota kwa vidole, akaunusa. Unanukia. Akamwita mkewe anuse.

"Mvua gani hii inayonukia sabuni?"

Mkewe akasema kila mwaka mvua huja na harufu yake.

"Lakini haijanyesha."

"Ndiyo maana," alisema mkewe, akarudi ndani haraka. Bwana Tone alibaki na mchanga kiganjani akijaribu kutafuta maana ya hiyo *ndiyo maana*, asiipate mbele wala nyuma.

Ijumaa ikabaki siku moja tu, na mtu aliyebanwa na siku moja hafikiri kama mimi na wewe. Saa tatu na robo, mkewe akiwa uani, Bwana Tone alivaa gauni la mkewe la maua makubwa, akajitwika beseni lenye shuka lililolowa, akaliacha shuka lining'inie limfunike uso, akaanza kupanda ngazi. Alijifunza mwendo njiani. Ghorofa ya kwanza alitembea kama bata, ya pili kama bibi harusi, ya tatu akapatia. Mlangoni alikutana na mguu wake wa kuchora, akauomba radhi, akaingia.

Kupitia shuka aliona kamba zimejaa nguo, na wanawake kama kumi na watano, wengine nyuso zao hakuzifahamu, akadhani ni ndugu waliokuja kutembea. Walikuwa wanafulia hapo hapo juu, wamejipanga kando ya mfereji wa ukingoni. Mmoja alimaliza kusuuza, akainua beseni, akalimimina taratibu kwenye mfereji. Wa pili akamimina. Wa tatu. Gu-gu-gu, bomba likaitikia. Na huko chini uani, akachungulia, akamwona mke wake wa ndoa kashika koki kaigeuza kulia, kajishika kiuno, anasubiri kama kondakta.

Akasahau kutembea kama mwanamke. Nyuma yake akasikia sauti ya bibi mkunga wa ghorofa ya nne, ambaye ndiye aliyewapokea nusu ya watoto wa jengo na hakuna aliyethubutu kumbishia.

"Shoga yangu, gauni zuri. Na hayo mafungu ya funguo kiunoni unampelekea nani?"

Kicheko kilichopigwa hapo kiliamsha njiwa wa mtaa wa tatu. Bwana Tone alishusha beseni, akashusha shuka, akakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, maua yote ya gauni yamemkunjamania magotini. Bibi mkunga akamweleza bila kuzunguka. Fimbo ilipofika sita walikutana. Walijua akihamishwa hapo hana pa kwenda, na mtunzaji mwingine watamfundisha mpaka lini. Maji ya kuongeza hayapo. Basi maji ya kusuuzia ya mwisho, ambayo ni masafi karibu kama yalivyoanza, wakaamua kuyarudisha kwa njia ile ile ya mvua. Kumwambia hawakuweza, kwa sababu angekabidhi funguo mwenyewe.

"Kwa hiyo toka siku zile nimekuwa nikichota yale yale?" aliuliza.

"Yale yale."

"Na povu?"

"Hatujaliona tena. Chujio lako linafanya kazi, hongera."

Uso wake ukajikunja upya, na wanawake wakaacha kucheka, maana walimjua. Alikuwa anahesabu. Ndoo ishirini na nne zinatoka. Za deki hazirudi, za chooni hazirudi, jua nalo linachukua chake kwenye kila shati. Zinazorudi haziwezi kuzidi kumi. Tangi lilipaswa kushuka, polepole, lakini kushuka. Mbona limesimama?

Akauliza kila mmoja anamimina mabeseni mangapi. Hapo ndipo alipokosea. Aliyesema mawili alipomsikia jirani anasema matatu, akajirekebisha akasema manne. Bibi mkunga akasema yeye matano kila siku. Mtu akanong'ona kwamba bibi ana sketi mbili tu duniani, matano ya nini? Ikabidi Bwana Tone asimame katikati na gauni lake kuamua ugomvi. Aliteremka saa sita akiwa na hesabu nne tofauti, na zote hazikumfaa.

Jumamosi, adhuhuri haijafika, alimweleza binti mwenye jengo kila kitu, pamoja na gauni. Hakuacha hata lile la kumwumiza: kwamba kwa sharti lao tangi limeshindwa, kwa sababu bila maji kurudishwa lingekuwa limeshakauka.

"Ni mvua ya mwaka jana, mama," alisema, "ila imeshafua mara nane."

Binti hakuamini. Mtu anayezoea kudanganywa huona kweli ni uongo uliovaa vibaya. Alivua viatu, akapanda paani mwenyewe, sheria ikimruhusu. Wenyeji walimpokea, zile nyuso ngeni ziliona viatu tangu vikiwa uani, zikateleza ngazini kimya kama paka. Bwana Tone alibaki chini akilisikiliza bomba. Likaguna mara moja, mara mbili, mara ya tatu kwa fujo, akajua huyo ni mtu asiyezoea kumimina. Aliporudi mikono ya blauzi imelowa mpaka viwikoni, nywele zimelala, na alikuwa na furaha fulani usoni aliyojaribu kuifuta.

Kisha akakaa kwenye kizingiti cha chumba cha Bwana Tone, akatoa simu, akaanza kupiga hesabu. Akapiga, akakunja uso, akapiga tena. Akamwita bibi mkunga, akatajiwa mabeseni sita, moja zaidi ya jana. Akachovya fimbo mwenyewe. Sita.

"Mzee wangu, hii hesabu haifungi."

"Haifungi, mama."

"Kuna ndoo kama kumi na nne kila siku hazina mwenyewe."

"Nimeziona."

"Umesema kweli yote?"

"Yote niliyonayo."

Binti alimtazama muda mrefu. Alikuwa amekuja amejiandaa kwa wizi, na amejiandaa kwa ukavu, yote mawili angeyatatua kabla ya chakula cha mchana. Hili la tatu halikuwemo kwenye mpango wake. Akavaa kiatu kimoja, akakivua, akakivaa tena.

"Siwezi kufukia kitu nisichokielewa," alisema mwishoni. "Nikikifukia kitanisumbua maisha yangu yote. Kaa hapo hapo ulipo. Siku utakayoelewa, uniambie, na siku hiyo ndiyo tutazungumza habari ya maduka."

Akaondoka, viatu vikigonga polepole kuliko vilivyokuja.

Alasiri ile Bwana Tone alikaa mlangoni kwake, kichwa kizito kama ndoo. Kumi na nne. Mkewe akamletea chai, akakaa kando yake juu ya mkeka, akainyoosha miguu, akaonyesha kila dalili ya mtu mwenye jambo lililomkalia kooni.

"Mume wangu, zile ndoo," alianza. "Wale wenzetu wa jengo la jirani, wanaopenda kuja kufulia kwetu kwa sababu kamba zetu zina upepo, si huwa wanakuja na maji ya kisima cha kwao..."

"Mke wangu," alisema Bwana Tone, akainua kiganja.

"Nini?"

"Usiniambie."

"Hutaki kuelewa? Umehangaika miezi, umenichania gauni kwapani!"

"Nikielewa nitamwambia. Si unanijua?"

Mkewe alimjua. Alifungua mdomo, akaufunga, akalimeza lile jambo zima zima, kitu ambacho hakikuwa kimetokea ndani ya ndoa ile tangu ifungwe, hata macho yakamtoka machozi kidogo. Bwana Tone akanywa chai yake. Alitazama anga lisilo na wingu, akatikisa kichwa kama mtu asiyeelewa lolote, akaomba aongezewe kikombe cha pili.